Laini ya 132 kV inatoka kila msimu wa radi, lakini ethi inasoma ohm 3

FundiMnara: Wakuu, habari zenu. Kuna minara ya chuma ya 132 kV imesimama juu ya jabali. Radi zikianza, laini inatoka (inajikata yenyewe). Breka (swichi kubwa ya laini) ikirudishwa inashika. Tukikagua, vikombe (vihami vinavyoshikilia nyaya mnarani) vina madoa meusi ya moto. Testa ya kubana mguuni inasoma ohm 3, kwa hiyo ethi (njia ya umeme kuingia ardhini) naona iko poa. Nibadilishe vikombe?

Kilovoti: Acha vikombe kwanza mkuu. Hiyo ohm 3 si ya mnara wako. Testa ya kubana inapima mzunguko mzima: mguu huo, miguu mitatu mingine, na waya wa radi wa juu unaounganisha minara yote. Kama miguu imefungwa pamoja chini, umepima chuma kwa chuma.

Radi haisubiri minara ya jirani isaidie. Minara ikiachana mita 300, wimbi la radi linatumia maikrosekunde 1 kwenda na 1 kurudi. Piga hesabu ya haraka, tuseme ethi ya mnara peke yake ni ohm 40 na radi ni ya 30 kA: 30 kA mara ohm 40 ni 1,200 kV, na vikombe vya 132 kV kwa kawaida vinahimili radi ya 650 kV. Moto unaruka kutoka mnarani kwenda kwenye waya wa umeme. Ukishusha hadi ohm 10, unabaki na 300 kV.

FundiMnara: Sasa nipimeje?

Kilovoti: Kwa testa ya masafa ya juu, 25 kHz, hufungui kitu. Ukiwa na ya kawaida, laini izimwe na iwekwe ethi pande zote, ndipo utenganishe waya wa radi. Kuufungua laini ikiwa hai ni kujiua. Chomeka kijiti cha mkondo mita 100 kutoka mnarani, cha volti mita 62, ukielekea pembeni mwa laini, usifuate chini yake. Rudia cha volti kikiwa mita 56 na 68. Namba zikipishana sana, sogeza kijiti cha mkondo mbali zaidi. Na upime kiangazi, masika inadanganya.

Mchimbaji: Kwenye jabali rodi (fimbo za ethi za kupigilia chini) ni kupoteza hela. Chimba mitaro minne, mmoja kila mguu, mita 30 kila mmoja, kina sm 50 hadi 60, itawanyike. Laza utepe wa chuma cha mabati, uufunike kwa bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaoshika maji) iliyoloweshwa. Mmoja wa mita 120 haulingani na minne, maana radi ikifika inaona mwanzo wa waya tu. Chumvi usiweke: mvua inaiosha na chuma kinaoza. Shaba nayo inakula zinki ya mguu, tena kwa wezi wetu haitalala siku mbili.

FundiMnara: Wachungaji wanapita hapo na mbuzi.

Mchimbaji: Ndiyo sababu ya kina hicho, utepe ukiwa juujuu, volti kati ya hatua na hatua ya anayepita inakuwa kali. Mwaga kokoto sm 10 kuzunguka miguu, na usiweke uzio wa waya ulioshikana na mnara, utabeba volti hadi mbali.