Mafundi wa kaunta za nje, mnatubandikia vitu vya ndani pembeni ya moto halafu mnapotea!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nayamwaga hapa.

Nina jiko la matofali la kuchomea nyama, liko nje, halina paa. Jiko lenyewe halina tatizo. Nilichotaka ni kuongeza kaunta ubavuni: pa kukatia, pa kuweka sinia, pa kuegesha koleo, ili mtu asikimbie ndani kila dakika huku nyama inaungua. Fundi nilimweleza kwa lugha nyepesi kabisa: itakaa juani, itanyeshewa, na itapakana na moto. Akasema, "Hilo jiwe linafaa nje, ondoa shaka." Muuzaji wa jiwe naye akaitikia.

Sasa hivi upande unaopigwa na jua umegeuka manjano. Upande wa jiko una ufa ulioanzia kwenye kona na unaendelea kutembea. Ubao uliowekwa chini ya jiwe umevimba kama mkate uliolowa chai. Hiyo ndiyo "linafaa nje" yao!

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba haya yote yanajulikana. Lile jiwe si jiwe la kuchimbwa. Ni chembe za kwatzi (madini magumu) zilizogandishwa kiwandani kwa resini, na resini ni jamii ya plastiki. Jua huibadilisha rangi, na sufuria iliyotoka motoni huiunguza. Watengenezaji wengi wa mawe hayo huandika wenyewe kwamba likiwekwa nje, dhamana haipo. Muuzaji anayauza kila siku, hajui hilo? Anajua. Graniti halisi ingevumilia jua bila shida, ungeipaka tu dawa ya kuziba vinyweleo mara kwa mara isinyonye mafuta. Ila nadhani slabu ya kwatzi ndiyo iliyokuwa imebaki stoo.

Tuje kwenye ufa, maana hapa fundi alinipandisha hasira kweli. Kaunta ameisukuma hadi ikagusa ukuta wa mahali moto unapowaka, akaziba kwa saruji, akapiga mwiko, akaondoka. Tofali likipata moto linatanuka, likipoa linarudi. Kitu kilichobanwa hapo kitaenda wapi kama si kupasuka? Ilitakiwa iachwe nafasi, hata ya sentimita moja, ijazwe kitu kinachokubali kubonyea na kisichoungua, mfano kamba ya nyuzi za seramiki. Silikoni ya kawaida ya bafuni haiwezi kazi hiyo. Tena upande wa ndani wa ukuta ulipaswa kuwa na matofali ya kuhimili moto, ili joto lisipenye lote hadi kwenye kaunta. Nilipomuuliza kuhusu nafasi, akanijibu kwamba "itaingiza uchafu."

Maji nayo hakuyawazia kabisa. Kaunta imelala sawasawa kama ya ndani, mvua ikinyesha inabaki dimbwi. Mteremko wa sentimita moja tu kwa kila mita ungetosha kuyaondoa. Ukingo wa mbele hauna mfereji mdogo kwa chini wa kuyakatisha, kwa hiyo yanafuata tumbo la jiwe mpaka kwenye ubao. Na ubao wenyewe ni MDF! Unga wa mbao uliogundishwa, unaweka nje, chini ya kitu kinachovuja. Pale panatakiwa fremu ya chuma iliyopakwa rangi vizuri, au zege lenye nondo, basi.

Nilipolalamika, akaja na suluhisho: eti abandike vigae juu yake. Juu ya ufa! Hata kama ufa usingekuwepo, mistari ya grauti, ile saruji ya kuziba kati ya vigae, inanyonya. Pale ndipo majimaji ya nyama mbichi yatakapokaa, na hakuna brashi itakayoyatoa yote. Halafu nyama iliyoiva itapakuliwa hapo hapo. Hii si meza ya mapambo jamani, ni sehemu ya chakula. Pendekezo lake la pili lilikuwa marumaru halisi. Limau likidondoka hapo, au siki ya kuloweka nyama, linachimba doa lisilong'arishika kwa kitambaa, kwa sababu marumaru ni jamii ya chokaa na asidi inaila.

Nimeamua kung'oa kila kitu na kuweka stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Huko nako kuna usanii, kuweni macho. Kila bati linalong'aa linaitwa stenlesi. Ulizeni namba ya aina yake. 430 haina nikeli, sumaku inaing'ang'ania, na nje itaanza madoa ya kutu mapema. 304 ina kromiamu kama 18% na nikeli kama 8%, sumaku haiishiki au inaishika kidogo sana sehemu zilizokunjwa. Anayekaa karibu na bahari atafute 316, yenye molibdenamu, maana chumvi ya hewani huichokoza hata 304. Niliyemuuliza namba wa kwanza alinitazama utadhani nimemtukana.

Fundi bado anadai nimmalizie malipo yaliyobaki, na anasema ufa ni "hali ya hewa". Sitoi hata senti kabla hajaondoa lile jiwe lake na ule ubao uliovimba.

Kwa mliowahi kuweka stenlesi kando ya jiko la matofali: nafasi ya kwenye ukuta mliijaza nini, na imedumu? Na chini ya bati mliweka zege au fremu tupu? Nataka lisipige kelele kama ngoma kila nikikata mfupa. Wanaokuja kuniambia "ungenunua meza ya plastiki" wapite tu.