Naombeni ushauri: kula safi tupu, au kula kila kitu kwa kiasi?

Mama Kigamboni

Wakuu habari za majukumu. Naomba ushauri kwa wanaojua lishe, matangazo ya dawa za kukata tumbo hapana.

Miaka 38, urefu sentimita 162, uzito kilo 84. Sukari na presha nimepima, viko sawa. Lengo ni kilo 72. Niko wiki ya 9 ya kula safi: Jumatatu hadi Ijumaa sigusi sembe, wali mweupe, chapati, sukari wala kitu cha kukaanga. Asubuhi ni shayiri ya kopo nusu kikombe, maziwa kikombe, ndizi moja, asali vijiko vikubwa viwili na siagi ya karanga viwili. Mchana saladi, parachichi zima kubwa na paja la kuku wa kuchoma. Usiku nasaga maembe mawili na ndizi mbili, bila sukari. Wikiendi nakula na familia: pilau, chapati, soda.

Mizani imegoma kabisa. Na pesa ya chakula changu peke yangu imepita ya watu watatu waliobaki nyumbani. Wapo wanaosema nikaze hadi wikiendi, wapo wanaosema niache masharti nile kila kitu kwa kiasi. Kipi kinafanya kazi, na hicho "kiasi" ni kiasi gani?

---

Mizani Mezani

Dada hongera kwa wiki 9. Kabla hatujabishana jina la mlo, tuipime sahani yako.

Shayiri ni kama kalori 180, maziwa 150, ndizi 100, asali 130. Siagi ya karanga vijiko viwili vilivyosawazishwa kwa kisu ni 190. Ukichota lundo inakaribia 300. Asubuhi hiyo ni 750 ukiwa mwangalifu. Sasa weka pembeni chapati moja iliyopikwa na kijiko kikubwa cha mafuta (kama 340), yai la kuchemsha (70) na chai ya rangi yenye kijiko cha chai kimoja cha sukari (16). Jumla 426.

Mchana: nyama ya parachichi kubwa gramu 250 ni 400, paja la kuku na ngozi yake 350. Maembe na ndizi za usiku ni zaidi ya 400. Siku nzima unafika 1,900 na kitu. Mwanamke wa vipimo vyako anayekaa ofisini hutumia kama 2,000 hadi 2,100. Upungufu wako ni kama 100 kwa siku, 500 kwa siku tano. Jumamosi na Jumapili ukizidisha 300 tu kila siku, umeufuta wote. Ndiyo maana mizani haisogei. Mwili wako hauna kasoro, na wewe huna uvivu.

Vyakula vyako ni vizuri, kosa liko kwenye ujazo. Mafuta yana kalori 9 kwa gramu, wanga na protini 4, na tumbo halijali kama mafuta yametoka kwenye parachichi au kwenye karai. Kuhusu asali: Shirika la Afya Duniani huihesabu pamoja na sukari ya kuongezwa. Ushauri wao ni isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, ni bora zaidi. Vijiko vyako viwili vya asali vina kama gramu 34. Soda ya chupa ya mililita 350 ina kama 37. Hazipishani sana.

Lenga 1,600 kwa siku. Mfano: asubuhi chapati, yai na chai kama nilivyoandika. Mchana ugali wa unga gramu 80 (kama 290), maharage kikombe kimoja bila kuyaunga na mafuta mengi (230), mchicha wenye kijiko kikubwa kimoja cha mafuta (150). Alasiri chungwa na karanga gramu 20, yaani konzi isiyojaa. Jioni viazi vitamu vya kuchemsha gramu 200, kipande cha samaki gramu 120, mboga yenye kijiko cha chai cha mafuta. Inakuja 1,650 hivi. Utashuka chini kidogo ya nusu kilo kwa wiki, kwa hiyo kilo 12 ni kazi ya miezi 6 au 7. Anayekuahidi wiki 4 anakuuzia maji yatakayotoka na kurudi.

---

Hesabu Kwanza

Nakubaliana na hesabu ya mkuu hapo juu, ila "kula kila kitu kwa kiasi" nalipinga likisemwa hivihivi. Kuna vyakula vimetengenezwa visiwe na kiasi.

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani walichapisha jaribio la watu 20 waliolazwa wodini wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupikwa. Milo ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale atakavyo. Kwenye vya kusindikwa walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Kwenye vya kupikwa walipungua karibu kilo moja. Walikuwa walewale.

Sababu ni za kimaumbile. Biskuti na crisps hazihitaji kutafunwa sana, soda haitafunwi kabisa, vinapita haraka kuliko tumbo linavyoweza kutoa taarifa ya kushiba, na kila tonge limebeba kalori nyingi. Muhogo wa kuchemsha utakuchosha taya kabla hujazidisha.

Kwa hiyo gawa vyakula mafungu mawili kwa kujichunguza mwenyewe. Kile unachoweza kula kimoja ukaacha (chapati, wali, nyama), kipimie. Kile ukifungua pakiti lazima iishe, usikiweke ndani ya nyumba. Ukikitaka, nunua kimoja, kipakiti kidogo, ukile umekaa chini, basi. Kreti nzima ya soda iliyowekwa kwa ajili ya wageni ndiyo inayofunguliwa Jumatano usiku.

---

Mkulima Kibaigwa

Naona umeacha sembe. Kama umehamia dona, sikiliza hili, maana watu hudhani dona ni safi kwa jina lake tu.

Dona ina kiini na pumba, ndiyo, nyuzinyuzi na vitamini ziko humo. Lakini sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, nayo hukaa zaidi humohumo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Ubora wa dona unaanzia kwenye punje. Chambua kabla ya kusaga: toa zilizovunjika, zilizotobolewa, zenye rangi ya kijani, nyeusi au waridi. Usimpe kuku zile ulizotoa.

Ukinunua mahindi ya gunia, jaribu ukavu kwa chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia mahindi hadi theluthi, vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja au mbili, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15. Yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi ikianguka yote chini, hifadhi. Saga kidogo kidogo, cha kuisha ndani ya wiki 3 au 4, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha na unga huwa mchungu.

Karanga vilevile. Hata unga wa lishe wa uji: ulezi sagisha peke yake, karanga uongeze wakati wa kupika baada ya kuzichambua kwa macho. Karanga zikishasagwa huwezi tena kuona mbovu.

---

Nesi wa Zamu

Mambo machache ya usalama.

Wengi wakianza kula safi huhamia chumvi ya waridi au ya mawe. Nyingi ya hizo hazijawekwa madini joto. Tumia chumvi ya kawaida iliyoandikwa ina madini joto, iweke kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na mvuke wa jiko, na kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko cha chai kimoja kwa vyote pamoja na vya dukani. Ukosefu wa madini joto huleta rovu, na kwa mjamzito huathiri ubongo wa mtoto.

Chuma: mchicha na matembele yanacho, lakini mwili hukipata kwa shida. Kamulia limau ukishaepua sufuria (moto huua vitamini C), na chai subiri saa moja baada ya kula. Dagaa wakavu gramu 30 watakupa protini na kalsiamu kwa bei ambayo kuku haifikii.

Na wanaosoma uzi huu wakiwa na kisukari: kama unachoma insulini au unatumia glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari), usikate wanga ghafla. Sukari inaweza kushuka usiku ukazimia. Mwone daktari apunguze dozi kwanza.

---

Jiko la Bi Mwana

Mimi nitasemea mafuta tu, maana huko ndiko kalori zinakojificha na hakuna anayezihesabu.

Chukua dumu la lita 3, bandika plasta ubavuni, andika tarehe uliyolifungua. Kwenu mko wanne. Likiisha wiki 2, kila mmoja anakula mililita 54 kwa siku, karibu kalori 440 za mafuta ya kupikia peke yake. Likifika wiki 5, ni mililita 21, kama 180. Hapo umeokoa kalori 260 na hakuna aliyenyimwa chakula. Sahau kumimina kutoka kwenye dumu. Weka kijiko kikubwa kimoja kando ya jiko na kila chungu kipimwe.

Watu hushindwa hapa kwa sababu ya moto. Wanapunguza mafuta lakini moto uleule, vitunguu vinaungua, mchuzi unakuwa mchungu, wanarudi kwenye dumu. Fanya hivi: sufuria ipate moto kwanza, mafuta vijiko viwili, vitunguu na chumvi kidogo ili vitoe maji yake, moto wa chini, funika. Vikianza kushika, tia maji vijiko viwili, kwangua chini, endelea. Dakika 10 vinalainika vizuri. Nyanya zifuate na uziache zikauke mpaka zianze kujitenga na sufuria, ndipo utie maharage.

Cha kukaanga, kikiliwa, kikaangwe sawasawa. Mafuta yasipochemka vya kutosha, andazi linayanywa. Chovya mwiko wa mti mkavu: mapovu madogo yakipanda kwa kasi kuuzunguka, tayari. Usijaze karai, joto linashuka.

Chapati: kilo moja ya unga kata madonge 16. Maji ya vuguvugu, donge liwe laini kidogo kuliko ulivyozoea, lipumzike nusu saa. Paka kijiko cha chai kimoja tu kila upande unapogeuza. Ukitumia mafuta kidogo na donge gumu, zinakuwa ngozi, kisha lawama zinaenda kwa mafuta. Zikitoka, zifunge kwenye kitambaa ndani ya hotipoti.

---

Mama Kigamboni

Asanteni sana, sikujua kabisa hesabu ya asali na siagi ya karanga. Maswali mawili. Mchana mara nyingi nakula kwa mama ntilie, nitapimaje pale bila kubeba mizani? Na pilau la Jumapili ni la watu 8, kilo moja ya mchele, huwa tunatia mafuta robo lita. Nikipunguza si litakuwa bokoboko lisilo na rangi?

---

Mizani Mezani

Kwa mama ntilie pima kwa mkono wako. Wali saizi ya ngumi yako ni kama kalori 200. Agiza ngumi moja na nusu. Nyama au samaki ukubwa wa kiganja bila vidole. Mwambie mapema: "wali nusu, maharage na mboga za kujaza." Bei ni ileile, hatakataa. Mchuzi aukoroge kabla ya kuchota, au achote kutoka chini. Ule utando mwekundu unaoelea juu ni mafuta. Mezani usiongeze chumvi.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya haja, kabla ya kunywa kitu, andika, kisha linganisha wastani wa wiki na wa wiki iliyopita. Karibu na siku zako, au baada ya mlo wa chumvi nyingi, maji hupandisha kilo moja hata mbili. Usibadilishe chochote kwa namba ya siku moja.

---

Jiko la Bi Mwana

Pilau halipati rangi kwa wingi wa mafuta, linaipata kwa kitunguu kilichoiva kahawia. Robo lita kwa sahani nane ni kalori 260 kila sahani. Vijiko vikubwa 6 ni 93.

Chemsha nyama kwanza na tangawizi na thomu, usiiunge. Supu ikitulia, engua mafuta yanayoelea. Kata vitunguu maji vinne vikubwa vyembamba sawasawa, viweke kwenye mafuta vijiko 6, moto wa kati, na usiviache. Vikifika rangi ya dhahabu vitataka kushika. Nyunyiza supu kijiko kimoja, acha ikauke, nyunyiza tena. Mara nne au tano hivi, utapata kahawia nzito kama ya chai kavu. Dakika 20, usikimbilie. Hapo tia thomu, bizari ya pilau, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kisha nyama, igeuze mpaka ishike rangi.

Mchele uoshe mpaka maji yaonekane meupe kidogo tu, loweka dakika 20, uchuje kabisa. Bokoboko linatokana na mchele uliobeba maji ya kuoshea kisha ukapimiwa supu kana kwamba ni mkavu. Ukishaloweka, supu kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele, na iwe inachemka unapoitia. Ikikauka juu, geuza mara moja, funika, palia makaa juu, dakika 15.

Kachumbari jaza bakuli kubwa, ndimu na chumvi kidogo. Anza na kachumbari sahanini, nusu nzima, ndipo upakue pilau.