Freddy Tsimba alianzaje? Mimi ni sudere (fundi wa kuchomelea chuma) hapa Goma, munisaidie

sudere_ndosho
Bakubwa na badada, salamu. Mi niko nasude hapa Ndosho, kazi ya kila siku, portai (mageti), madirisha, vitanda, mara mojamoja chasi ya tukutuku. Mabaki ya tole (mabati) na cheni za zamani siziuzi, natengenezaka bintu kama sanamu za bantu, majirani banacheka, watoto ndio banapenda. Sasa kuna rafiki alinionyesha mu simu kazi za Freddy Tsimba wa Kinshasa, ule mwenye anatengenezaka sanamu za bamama na maganda ya masasi (risasi), weee. Mwenye anajua vizuri anielezee huyu mzee alipitia wapi mpaka sanamu zake zikasimama mu njia za Ulaya, alisoma ao ni kipaji tu? Na mtu wa Goma anaweza anza vile vile, juu maganda ya masasi kwetu hayakosekani. Musinijibu "omba Mungu" tafazali.

mwalimu_katindo
Alisoma. Alizaliwa Kinshasa 1967, akafanya Académie des Beaux-Arts (shule ya sanaa) kule kule, upande wa sanamu kubwa, akamaliza 1989. Lakini yenye inafwata ndio mi napendaka: kisha diploma akaenda kukaa na bafundi ba kuyeyusha na kusude chuma, akajifunza moto kwao kwa miaka. Kwa hiyo wewe uko tayari pale yeye alienda kutafuta. Kinakukosa ni ile ya shule, mwili wa mtu, uzito unaegemea mguu gani, bega linashuka wakati gani. Angalia bamama bake benye mimba, ngozi ni maganda matupu lakini banasimama kweli, mtu hawezi sema ni feraye (chuma chakavu) imepangwa.
Jina lilianza kutoka inje pole pole. 2001 alipata medali ya feza kwa sanamu mu Jeux de la Francophonie (michezo ya inchi za Kifaransa) kule Ottawa, Canada. Nyumba yake ya mapanga 999 ilikuja kisha. Mapanga, vijiko, funguo, yote anasude, masasi ni moja tu kati ya mengi.

dada_wa_inje
Niko Bruxelles miaka sasa, mtoto wa Himbi ya Goma mimi, naweza sema yenye naonaka na macho. Iko sanamu moja yake hapa Ixelles, mu Matonge (kartie ya Bafrika), inaitwa "Au-delà de l'espoir", iko pale inje tangu 2007, bantu banapita na safari zao za mikate na nywele. Na yeye mwenyewe atelie yake iko Matonge ya Kinshasa, kwa hiyo ni Matonge inatumia Matonge zawadi haha.
Lakini yenye ilinishika sana ni ya Tervuren, karibu na Bruxelles, mu museo ya Afrika. Kuna ukuta wa zamani wameandika majina 1508 ya Babeleji benye walikufa Congo wakati wa mfalme wao Leopold, na jengo linalindwa na sheria kwa hiyo ule ukuta hawawezi utoa. Bakongomani hakuna hata moja pale!! Basi Tsimba hakugusa ukuta hata kidogo, alipanga majina ya Bakongomani benye walikufia Ubelgiji ku vioo vya madirisha mbele yake, jua likitoka kivuli cha ile majina kinaanguka juu ya majina ya bazungu na kinatembea nao. Kazi inaitwa "Ombres". Kati yao kuna ile saba walikufa 1897, wakati waliletwa kuonyeshwa kwa watu mu ekspozisyo. Nilienda siku ya mawingu nikakuta hakuna kitu, nikarudia siku ya jua. Ndugu sudere, hapo hakuna chuma ya kutisha hata kidogo, uzito wote uko mu wazo.
Na Paris iko "Porteuse de vies", Palais de Chaillot, ya 2018, wakati Tangazo la Haki za Binadamu lilitimiza miaka 70, juu ni hapo lilipitishwa 1948.

feraye_birere
Mi nitaongea ya masasi juu nauzaka chuma. Petit (mdogo wangu), usiokote. Kwanza ukikamatwa na gunia la maganda mu hii mji yetu nani atakuamini kama ni sanaa? Pili kati ya maganda unaweza pata yenye haijalipuka, unaitia moto, umekwisha. Yeye alikusanya Kisangani kisha majeshi ya Rwanda na Uganda kupigana kule siku sita mu 2000, vita ilikuwa imeshapita. Sisi yetu bado.
Tena ganda ni shaba ya njano, poste (mashine) yako ya kawaida na bagete (fimbo za kusude) za chuma haitashika vizuri, inaomba shalimo (moto) ya gazi na fimbo ya shaba. Na zinki yenye iko ndani ya ile shaba inatoa moshi mweupe, ule ule wa tole mpya, mangaribi unatetemeka kama una malaria. Fanya inje, upepo ukupite mgongoni.
Chukua vijiko, cheni, jante (rimu za magurudumu). Na ukiweka sanamu ya shaba ku barabara hapa, asubuhi utaikuta kwangu ku kilo, nasema ukweli

mwalimu_katindo
@feraye_birere hahaha lakini sanamu ya Chukudu (baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo) ya ronpwe, pale barabara zinazunguka, iko pale miaka yote hakuna mwenye aliigusa. Juu kila mtu wa Goma anajiona mule, babu yake alisukuma chukudu ya makabichi. Ndio maana sikubali ile ya kusema sanaa ya barabarani ni ya Ulaya tu. Ulaya kuna mwenye analipa, meri (serikali ya mji) ao museo, ndio tofauti. Wewe sudere anza na komande (oda) ndogo, portai ya parokia, shule, Foyer Culturel (nyumba ya sanaa ya Goma) uende ukaonyeshe, na utafute mwenye anachora mwili akufundishe.

sudere_ndosho
Aksanti sana bote. Ya moshi wa tole nilikuwa nafikiri ni baridi ya usiku kumbe. Masasi naacha. Niko na cheni karibu gunia mbili, nataka kutoa mama mwenye anabeba bidon ya maji, urefu wa mtu. @dada_wa_inje ukipita tena pale Matonge unipigie foto ya miguu, kwa nyuma, nione alifunga namna gani ku beto (zege).

dada_wa_inje
Jumamosi nitapita. Na ya mugongo pia, ama miguu tu?