Siti saba kwa familia: X-Trail, Outlander, Vanguard, au nijikaze Prado?

Karafuu77
Assalaam alaykum wana jukwaa. Nataka kubadilisha gari, IST yangu ndogo imeshatushinda. Natafuta gari ya juu kidogo, yenye safu tatu za siti. Nimezunguka yadi mbili tatu na hizi ndizo zimenibakia kichwani: Nissan X-Trail, Mitsubishi Outlander, Toyota Vanguard. Kuna anayenishawishi Mazda CX-8, na moyo wangu mwenyewe uko kwenye Prado. Ipi bora? Mtu wa yadi ananishikia moja mpaka Alkhamisi, kwa hiyo nijibuni haraka.

Mchambawima
Waalaykum salaam. Bora kwa lipi, sheikh? Umeingia duka la dawa ukasema "nipeni dawa". Mfukoni una ngapi? Nyumbani mko wangapi? Unakaa mjini au shamba? X-Trail ya mwaka gani? Na huyo wa yadi anakushikia ipi katika hizo?

NahodhaMstaafu
Prado. Mengine yote kelele za chura. Ninayo ya toleo la 150, ya petroli 2.7, huu mwaka wa saba, na kitu kikubwa nilichobadilisha ni shokapu za mbele tu. Iko juu, mvua za masika zikijaza maji barabarani mimi napita huku wenye magari ya chini wanapandisha suruali. Na nikisema nauza leo, kabla ya magharibi mnunuzi keshafika na pesa.

Mchambawima
Mtu hajataja hata bajeti, Nahodha umeshamvisha joho.

Fundi_wa_Amani
Kabla hatujapigana, jambo moja. Katika hizo gari alizotaja, karibu zote zina pacha wa siti tano. X-Trail ya T32, iliyoanza kutoka mwisho wa 2013, ipo ya siti tano na ipo ya saba. Vanguard vivyo hivyo, Prado ya TX vivyo hivyo. X-Trail ya haibridi, ya petroli na umeme pamoja, ni siti tano tu, maana betri imekaa chini ya sakafu ya buti. Outlander ile ya kuchomeka umeme, ya kizazi kilichoanza 2012, nayo ni tano, mota ya nyuma imekula nafasi. Usiamini tangazo. Kwenye cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani imeandikwa idadi ya abiria, mwambie akuoneshe hicho.

Karafuu77
Samahanini, niliandika nikiwa foleni ya benki. Tuko mimi, mke, watoto wanne (mkubwa ana miaka 14) na mama mzazi. Nakaa Fuoni, kazi yangu Malindi. Bajeti milioni 45, na hapo iwe imeshapata namba ya Z, ya usajili wa Zanzibar, na bima. Ijumaa au Jumamosi tunakwenda shamba Makunduchi. Ya yadi ni X-Trail ya 2015, nyeupe, safi sana.

Fundi_wa_Amani
Watu saba, siti saba. Kwa hiyo kila mkisafiri safu ya tatu imekaliwa, haikunjwi. Hapo swali linabadilika. Gari nyingi hizi safu ya tatu wameiweka kwa ajili ya dharura. Outlander mto wake mwembamba, magoti yanafika kidevuni. X-Trail inastahamilika ukisogeza siti ya kati mbele, lakini mtoto wa miaka 14 akirefuka kidogo atalalamika. Ukisimamisha zile siti, buti inabaki ya kuweka mkoba wa skuli na chupa ya maji. Sasa mnakwenda Makunduchi, mnarudi na nini?

Karafuu77
Ndizi, madafu, mashelisheli, wakati mwengine gunia la muhogo.

Fundi_wa_Amani
Basi utafunga kitu juu ya paa.

BiMkubwa_Mbweni
Mwanangu Karafuu, nikueleze yaliyonikuta mimi. Gari yenyewe siitaji jina, wenye nayo watanirukia, na kosa halikuwa la gari.

Tulinunua ya siti saba, ya CVT, ile gia boksi ya otomatiki ya mkanda, nzuri wallahi, kimya kama paka. Mwaka wa kwanza hatukuona taabu. Baba watoto akaipeleka sevisi kwa fundi mmoja wa mtaani, nasema mmoja tu, akaambiwa na oili ya gia boksi imechoka. Yule fundi akamimina oili ya gia ya kawaida aliyonayo dukani. Mume wangu alimuuliza, "Hii ndiyo yenyewe?" Akajibiwa, "Mzee, oili ni oili."

Wiki tatu baadaye tunakwenda Matemwe, harusi ya mtoto wa wifi yangu. Nyuma kabisa kakaa mkwe wangu na binti yangu, na sufuria la biriani katikati yao limefungwa kwa kanga. Tumefika karibu na Kinyasini gari ikaanza kulia, mlio kama wa mbu lakini mbu wa chuma. Ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele, mshale unapanda, gari yenyewe inatambaa. Mbele kidogo ikasimama. Jua la saa saba. Mkwe wangu hawezi kutoka, maana safu ya tatu huwezi kutoka mpaka wa mbele ashuke, akunje siti, akushike mkono, uruke tuta lile la chini. Mtu wa miaka sabini na kitu kavaa nguo ya harusi! Tulimtoa wanawake watatu, na kiatu kimoja kikabaki ndani.

Tukapanda gari ya shamba, biriani mapajani. Mkwe wangu hakusema neno mpaka tunafika. Alipokaa ukumbini ndipo akasema, "Gari kubwa, pumzi hana."

Gia boksi tuliletewa ya mtumba kutoka Dar, na pesa iliyotoka ningeweza kumaliza dari ya jikoni. Kwa hiyo nakwambia mawili. Ukinunua ya CVT, oili iwe ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na mama yako mpeleke yadini kwa miguu yake, aingie atoke mara mbili. Anakaa safu gani?

Fundi_wa_Amani
Bi Mkubwa amesema kweli. X-Trail T32 inataka oili ya Nissan ya NS-3. Outlander inataka yake, na Vanguard ya 2.4 ni CVT pia, nayo ina yake. Haziazimani.

Karafuu77
Mama anakaa mbele. Ila ana magoti. Hilo nilisahau kulisema.

Mchambawima
"Nilisahau." Kila tukikusubiri kuna kitu kipya kinatoka kama kisanduku cha mazingaombwe.

MtuWaWete
Salaam kutoka Pemba. Mie nawashangaa. Watu saba, mama ana magoti, muhogo wa Makunduchi, mnazungumza X-Trail ya nini? Chukua Toyota Noah. Mlango unatelezea pembeni, sakafu iko chini, safu ya tatu mtu mzima anakaa kama mtu mzima. Ya kuanzia 2014 injini 2.0, zipo za siti saba na nane. Hapa tunapanda nayo na kushuka vilima vya Pemba kila siku, na vilima vyetu si kama huko Unguja kwenu kulikotandazwa kama mkeka.

NahodhaMstaafu
Noah ni gari ya kusubiria watalii uwanja wa ndege.

MtuWaWete
Na Prado ni gari ya kusubiria mshahara. Hiyo 2.7 yako lita moja inakupeleka wapi?

NahodhaMstaafu
Kilomita saba mjini. Nane nikiwa na subira. Sikuinunua kwa ajili ya mafuta.

MtuWaWete
Kila mwezi ZURA, wale wasimamizi wa bei za mafuta, wakitangaza bei mpya nakuona unavyotafuta miwani.

Karafuu77
Noah sitaki jamani. Nilikuwa nayo mwaka juzi ya kuazima, wazungu walinipungia mkono pale Darajani mara mbili kwa siku moja wakidhani teksi. Mmoja alishafungua mlango.

BiMkubwa_Mbweni
Ungempeleka, ungepata ya mafuta.

Shangani_Girigiri
Mimi niliyemshawishi CX-8 ndio huyu hapa. Imetoka Japani Disemba 2017, ni ya safu tatu kutoka kuzaliwa kwake, si gari ya siti tano iliyochomekwa benchi nyuma. Mazda wenyewe wanasema safu ya tatu inamtosha mtu wa sentimita 170. Dizeli ya 2.2, nguvu ipo, mafuta inanusa tu. Ndani utadhani gari ya Mjerumani.

Fundi_wa_Amani
Kwa bajeti ya 45 na kila kitu ndani, CX-8 utakayoipata ni ile iliyotembea sana au iliyogongwa ikanyooshwa. Angalia karatasi ya mnada wa Japani, ukiona herufi R ujue imeshatengenezwa. Halafu dizeli hizi za kisasa zina chujio la masizi, DPF. Lile chujio linajisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili liyachome gari inataka kutembea kwa kasi ya wastani kwa muda, injini ikiwa moto. Fuoni mpaka Malindi, unasimama Mwanakwerekwe, unasimama Amani, unasimama Michenzani, unazima. Chujio linaziba. Kisiwa chetu kutoka kichwa mpaka mkia ni kama kilomita 85, na wewe hata robo yake hufiki kwa siku. Na Prado ya dizeli ya 2.8, ya 2015 kuja juu, ina ugonjwa wa namna hiyo hiyo. Mtu wa mjini, safari fupi, chukua petroli.

Shangani_Girigiri
Jumamosi si anakwenda Makunduchi? Itajisafisha huko.

Fundi_wa_Amani
Na wiki ambayo hakwenda? Tena gari ina urefu wa mita 4.9, Malindi utaiegesha wapi? Juu ya boti?

Mchambawima
Vanguard hamjaisemea. Ilitengenezwa 2007 mpaka 2013. Fundi tia neno.

Fundi_wa_Amani
Vanguard spea zake huko Dar na hapa zimejaa, na ndiyo itakayokuachia pesa mfukoni. Lakini ile injini ya 2.4, 2AZ, inajulikana kwa kula oili. Marekani Toyota waliongeza dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Si kila moja inakula. Chomoa kijiti cha oili, halafu asubuhi injini ikiwa baridi mtu mmoja awashe na mwengine asimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa buluu, nenda zako nyumbani. Safu ya tatu yake ni ya watoto tu, nakwambia mapema.

Jengine, lala chini uangalie chesisi. Kuna gari zimetoka sehemu za Japani zenye theluji, barabara zao zinamwagiwa chumvi, zinafika hapa chini zimeshaanza kuliwa, na chumvi yetu ya pwani inamalizia.

Mchambawima
Kuna kitu hamkizungumzi. Gari hizi zote buti na siti ni chumba kimoja. Mkitoka shamba na doriani?

NahodhaMstaafu
Doriani halipandi gari yangu.

MtuWaWete
Harufu ya doriani inatoka kwa kahawa. Unga wa kahawa kwenye kisahani, chini ya siti, usiku mmoja.

BiMkubwa_Mbweni
Si kweli, nilijaribu. Gari ilinuka doriani na kahawa. Mkaa ndio unaosaidia, na madirisha wazi. Na mie harufu yenyewe naipenda, ni watoto ndio wanaopiga kelele.

Shangani_Girigiri
Doriani za mwaka huu zilikuwa ndogo lakini tamu. Nilinunua Mwanakwerekwe.

Mchambawima
Nimekosea kuligusa hili.

Fundi_wa_Amani
Turudi. Karafuu, ukienda kuiangalia, nenda saa sita mchana. Washa kiyoyozi, kaa safu ya tatu dakika kumi, mlango umefungwa. Gari nyingi hizi hazina matundu ya hewa kule nyuma. Prado zipo zenye kiyoyozi cha nyuma, si zote. Mtoto wako wa nyuma ndiye atakayekuwa anaoka mkate.

Karafuu77
Jamani nimetoka yadini sasa hivi. Nilikwenda na mama na mke.

Ile X-Trail ni haibridi. Nyuma imeandikwa wazi, mimi siku ile niliangalia rangi. Siti tano. Namwambia yule kijana, safu ya tatu iko wapi? Akajibu, "Hiyo si tatizo, kuna fundi anakuchomekea benchi."

Fundi_wa_Amani
Usithubutu. Benchi la kuchomekwa juu ya betri, halina mikanda, na ukifunga breki kwa ghafla watoto wote wanakuja mbele.

Karafuu77
Nimeondoka kwenye hilo. Pembeni ilikuwepo Prado, bei imenipita mbali, lakini nikasema mama ajaribu tu. Mguu mmoja kapandisha, wa pili ukakataa. Tulimsukuma mimi na mke mpaka akaanza kucheka, akashuka. Halafu nikawa nazungumza na yule kijana habari ya Outlander inayotarajiwa mwezi ujao, nageuka simwoni mama. Yumo ndani ya Noah, kaingia mwenyewe, kavua viatu, kafunga na mlango.

MtuWaWete
🤲

NahodhaMstaafu
Mama mpe heshima yake, ila asikuchagulie gari.

BiMkubwa_Mbweni
Alisemaje?

Karafuu77
Alisema, "Hapa pana ubaridi." Mimi bado sitaki Noah. Naisubiri hiyo Outlander nikaipime magoti. Mke ameshaanza kuangalia Vanguard kwenye simu.

Shangani_Girigiri
CX-8 ya petroli pia ipo, tangu mwisho wa 2018. Nasema tu.

MtuWaWete
Karafuu, hiyo Noah ya yadini ya mwaka gani, na mlango wa umeme unafanya kazi pande zote mbili? Shemeji yangu anatafuta.