Naombeni ushauri: nataka kumuuzia kakao ya Kyela mtengeneza chokoleti wa Ulaya moja kwa moja, nimekwama

Mtoto wa Ipinda:
Wakuu, habari za muda huu. Wiki nzima sipati usingizi.

Mimi mzaliwa wa Kyela, kakao nimeikuta uani kwa bibi. Mwaka jana nilifahamiana na jamaa wa Ubelgiji, ana kiwanda kidogo cha chokoleti. Anataka kakao itoke kwa mkulima mdogo bila dalali katikati, na mkulima apate bei ya haki. Yuko tayari kulipa zaidi ya bei ya soko. Nina wakulima 12, kila mmoja ekari moja hivi, kakao imechanganyika na migomba. Masanduku ya kuvundikia ninayo, vichanja vipo. Sampuli ya kilo 5 kaipenda. Sasa anataka tani moja na nusu, pamoja na karatasi ya kuonyesha kila mkulima kalipwa shilingi ngapi.

Swali langu ni dogo tu: hiyo karatasi inaandikwaje? Na je, ni lazima nipitie AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima?

Kibatari:
Kakao ya Kyela inakwenda kwa stakabadhi ghalani mkuu. Mkulima anapeleka AMCOS, inakaa ghalani, inauzwa kwa mnada. Ukikutwa nayo njiani haina karatasi, mzigo huna. Anzia kwa ushirika na afisa kilimo wa wilaya, uwaeleze una mnunuzi wa aina gani, kabla hujagusa hata punje.

Ughaibuni77:
Niko Ujerumani. Huku kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inayohusu ukataji wa misitu, na kakao imo. Shamba liwe na alama zake za ramani, na lisiwe msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Chukua simu, zunguka shamba moja moja. Karatasi ya malipo ni rahisi kuliko hiyo.

Kahawa Chungu:
Mimi wa Muleba. Marehemu baba aliuza kahawa ikiwa bado maua, kwetu tunaita butura. Dada alikuwa anaumwa, hela ilihitajika usiku ule ule. Mavuno yalipofika tulichuma sisi, tukaanika sisi, na mtu mwingine amekaa kwenye kiti cha baba na daftari lake anahesabu magunia. Baba alisimama pembeni kama mgeni. Ile sura sijaisahau.

Mleta uzi, hao 12 umeshawalipa au utawalipa?

Mtoto wa Ipinda:
Kuna kiasi niliwatanguliza. Tusitoke nje ya mada wakuu, karatasi inaandikwaje?

Kahawa Chungu:
Uliwatanguliza lini? Kiasi gani?

Kibatari:
Kaingia mitini.

Mtoto wa Ipinda:
Nilikuwa kazini. Ilikuwa Januari. Walinifuata wenyewe, watoto wanaanza fomu wani, sare hamna, madaftari hamna. Tukakubaliana 2,500 kwa kilo ya mbichi, wakaweka dole gumba. Hela yenyewe niliikopa kikoba na riba inatembea. Mmoja wao ni mama yangu mdogo, aliyenilea. Sasa mimi nimdhulumu mama yangu?

Binti Ngonga:
Kaka, mimi niko huku huku Kyela. Hiyo uliyoifanya ina jina na unalijua. Ni njuti, kumnunulia mkulima kakao mbichi kwa bei ya kutupa akiwa na shida.

Kilo tatu za mbichi ndizo zinatoa kilo moja kavu. Kwa hiyo kavu umeichukua kwa 7,500. Mnada wa mwisho kwenye AMCOS yetu bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndiyo maana hujui karatasi inaandikwaje. Unajua kuandika, namba ndiyo huitaki.

Mtoto wa Ipinda:
Dada, kuvundika ni kazi yangu, kukausha kazi yangu, mvua ikinyesha ukungu ukaingia hasara yangu. New York kakao ilipita dola 12,000 kwa tani mwisho wa 2024, halafu ikaporomoka. Ingeanguka tena kabla sijauza, nani angenifidia? Mimi nilibeba hatari, wao walipata ada. Na walikubali kwa hiari yao.

Mtumishi Mwema:
Kijana, Walawi imeandika ujira wa mtu usilale kwako mpaka asubuhi. Wewe umeulaza tangu Januari.

Mbingu Kwetu:
Tusichanganye mambo. Huku Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili walianza 2013 na wananunua mbichi, wanavundika wenyewe sehemu moja ili ubora ulingane. Mkulima analeta kakao ya leo, analipwa bei ya leo. Kununua mbichi siyo tatizo kwa utaratibu wa huku. Wewe bei uliipanga siku mtu ana shida, ndilo tatizo.

Mla Kuku:
Hii chai wakuu, leteni vitafunwa. Mwaka jana huyu huyu alikuwa na uzi wa kuku wa kienyeji. Leo ana Mbelgiji! Kama kweli anavundika kakao, atuambie inanukaje.

Kibatari:
Hahaha, nimevuta kiti.

Mtoto wa Ipinda:
Kuku waliisha kwa kideri, ule uzi upo someni.

Siku ya kwanza inanukia utamu, kama pombe changa. Siku ya tatu ni siki, inachoma pua mpaka macho yanatoa machozi. Ukifunua majani ya mgomba ukaingiza mkono katikati ya sanduku, unautoa haraka kwa joto. Siku ya sita napasua punje kwa kisu: ile zambarau inakuwa imegeuka kahawia na ndani kuna mifereji mifereji. Harufu ya chokoleti hainuki mpaka uikaange. Kugeuza kwa koleo la mti nilifundishwa na mama mdogo.

Mla Kuku:
Sawa, neno langu nalirudisha.

Binti Ngonga:
Basi ni kweli, na ndiyo mbaya zaidi.

Ughaibuni77:
Kuna Mmarekani mtengeneza chokoleti, Shawn Askinosie wa Missouri, amekuwa akinunua kakao kutoka Mababu, hapo hapo Kyela. Wakulima anagawana nao faida na kuwafungulia vitabu vya hesabu. Mbelgiji wako naye siku moja atapanda ndege aje akae na hao 12. Wape tofauti kabla hajafika, halafu nenda ushirika ukaanze upya.

Mtoto wa Ipinda:
Nikiwapa wote tofauti, kikoba nawalipa nini?

Nimempigia mama mdogo sasa hivi, nimemwambia yeye nitamwongezea. Kaniuliza, "Na wale kumi na mmoja, mwanangu?" Simu ikakatika.

Kahawa Chungu:
Ilikatika au uliikata?

Mtoto wa Ipinda:
Niliikata.