Tupeane uzoefu: mazoezi ya nyonga baada ya kutolewa kizazi

Bint Mkomani: Wenzangu mliotolewa kizazi, mkojo mliudhibiti vipi? Jana boti ya Mokowe imepigwa wimbi, nami chafya hiyo! Nimeshuka gatini leso nimejitanda kiunoni.

Mama Twalha: Hapo kwa chafya umenigusa. Pole.

Wa Maweni: Mimi kilichoniliza ni udhu. Nikisujudu tu, umevunjika. Nikawa naswali nimeketi, watu wakidhani ni mshono. Aliyenipasua alisema usibebe kizito wiki 6, basi. Nesi ndiye aliyenielekeza kwa mtu wa fizio, tiba ya mazoezi, hapa Malindi. Nilidhani nitakandwa mgongo, kumbe kazi yenyewe kupumua! Unalala chali, magoti juu, unavuta misuli ya huko chini kwa ndani kama uliyebanwa na upepo mbele ya wakwe, unashika hadi 5, unaachia kabisa. Kuachia ndiko kulikonishinda, maana kwa hofu nilikuwa nimejikaza kutwa. Mara 10, asubuhi, mchana na usiku. Ukitaka kukohoa, kaza kwanza. Ilichukua miezi, ila sasa nasujudu.

Shangazi Shela: Fungeni tumbo kwa leso, mkandwe maji moto. Mnalipia kupumua?

Wa Maweni: Shikamoo shangazi. Leso ikikazwa sana inasukuma vitu chini, nilikatazwa.

Shangazi Shela: Marahaba. Nimezaa tisa, hakijashuka kitu.

Mke wa Baharia: Mwenzenu nilirudi kutoka Mombasa na mshono mbichi, nakuta bwana ameoa. Eti asiye na kizazi si mke. Masanduku yake niliyatoa mlangoni mwenyewe, na kubeba nimekatazwa.

Mama Twalha: Yarabi! Kaoa nani?

Mke wa Baharia: Binamu yangu.

Bint Mkomani: Weee!

Nesi Mstaafu: Turudini kwenye mada. Kukata mkojo katikati si zoezi. Mara moja kuutambua msuli, sawa. Ukizoea, mkojo unabaki kibofuni. Choo kigumu pia adui: maji, papai, usijikamue. Chumbani subirini daktari aseme mshono wa ndani umepona. Damu nyingi, au kitu kinachungulia ukeni, hiyo ni hospitali.

Mama Twalha: Mbona mimi niliambiwa nikate kila siku?

Bint Mkomani: Na ngazi je? Nalala ghorofa ya pili.

Wa Maweni: Panda taratibu, ukiinua mguu toa pumzi.

Shangazi Shela: Au hamia chini.

Mama Twalha: Huyo binamu, wa kuumeni au wa kukeni?