Ukuta wa vioo vya chuma pale chuoni Malindi: nani aliupitisha?

Jamani, hili tumelinyamazia vya kutosha. Ule ukuta wa sanaa uliobandikwa kwenye jengo jipya la chuo hapa Malindi unaunguza watu, na kutu imeshaanza kuula. Mkandarasi na kamati iliyopokea kazi watujibu.

Kwanza umbo. Mabamba yake ya chuma, yaliyong'arishwa kama kioo, yamebonyezwa kwa ndani kama karai lililosimamishwa, yakaelekezwa magharibi. Chukueni kamba mpime: ukingo hadi ukingo mita 4, kina cha katikati sentimita 35. Hesabu yake inatoa duara lenye nusu kipenyo cha karibu mita 5.9, na kioo kilichobonyea hivyo hukusanya mwanga kwenye nusu ya urefu huo, yaani kama mita 3 mbele yake. Benchi la wanafunzi limewekwa wapi? Papo hapo! Saa kumi na nusu jioni jua la Malindi huwa nyuzi 23 hadi 31 hivi juu ya upeo, mwaka mzima. Mwale unaogonga bamba kwenye kimo cha mita 2.5 unashuka mita moja na nusu hivi ukifika benchini, sawasawa na kifua cha aliyeketi. Juni na Desemba doa linasogea pembeni tu, na pembeni ndiko zinakoegeshwa pikipiki.

Si jambo la kushtukiza hili. Los Angeles, ukumbi wa Walt Disney ulifunguliwa 2003, na 2005 ikabidi mabamba yake yapigwe msasa kwa sababu ya joto na mng'ao. London 2013, jengo la 20 Fenchurch Street liliyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani. Yote mawili kosa ni mbonyeo wa ndani. Wangelitokeza nje, mwanga ungetawanyika, na mawingu bado yangeonekana ndani ya mabamba, ila madogo zaidi.

Pili, chuma chenyewe. Wameweka stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya daraja la 304 mahali ambapo kusi inapuliza chumvi ya bahari moja kwa moja. Hapa inatakiwa 316, yenye molibdeni (metali inayoongezwa kupambana na kutu) asilimia 2 hadi 3, ndiyo inayopunguza madoa ya rangi ya chai mnayoyaona sasa. Wanajitetea eti "tulipima kwa sumaku". Sumaku haitofautishi 304 na 316! Kuna dawa ya matone ya kupimia molibdeni, dakika chache jibu liko mkononi.

Skrubu ndizo aibu kabisa. Ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, zimefungwa kwenye stenlesi bila washa za nailoni za kutenganisha metali hizo mbili. Bamba kubwa, skrubu ndogo, maji ya chumvi katikati: zinki inaliwa haraka, kisha skrubu yenyewe, na michirizi ya kutu inateremka ukutani. Siku moja bamba litaanguka. Tena matundu yametobolewa ya duara, yamebana. Bamba la mita 2.4 likipanda joto kwa nyuzi 40 linarefuka milimita 1.6, lisipopata nafasi linabinuka. Ndiyo maana minazi mnayoiona ndani ya ukuta ina viuno. Tundu lilitakiwa liwe la mviringo mrefu.

Halafu usafi! Anakabidhiwa mtu asidi ya kuoshea vigae na stilwuli (nyuzi za chuma za kusugulia). Asidi ile inatoboa stenlesi, na stilwuli inaacha vumbi la chuma linaloshika kutu. Sabuni laini, sponji, maji matamu (si ya kisima cha chumvi), kisha kitambaa kikavu. Basi.

Na msituletee habari ya kupiga msasa kama Los Angeles. 304 iliyokwaruzwa hushika chumvi kuliko iliyong'arishwa, mtaondoa moto mlete kutu maradufu. Ng'oeni, wekeni 316 iliyotokeza nje, skrubu za 316. Kwa leo, benchi na pikipiki zihamishwe, na mabamba yafunikwe turubai. Hilo halihitaji zabuni.